Mikono Mirefu ya Sweta ya Shangazi

Juzi nimemaliza kufuma sweta ya kitukuu changu, yule anayeanza chekechea huku kwetu Goba, na mikono imetoka mirefu tena. Imeshuka mpaka imefunika vidole. Mtoto akasimama katikati ya sebule akiipunga kama anafukuza kuku. Baba yake akacheka. Mama yake, mke wa mjukuu wangu, msichana mwenye adabu zake lakini asiyejua kunyamaza, akasema, "Bibi, si ungempima tu? Ile futi niliyokuletea iko wapi?" Nikamwambia imepotea. Haijapotea. Iko kabatini, chini ya shuka za wageni, na itakaa huko.

Wewe tunajuana siku nyingi, kwa hiyo sikufichi. Kabla ya sweta hii nilifuma kofia ya mwanangu mkubwa, ikambana mpaka ikamwachia alama kwenye paji la uso. Kabla ya kofia nilifuma kizibao cha jirani, mwanamke mwembamba kama fimbo, na hivi leo kinavaliwa na mumewe. Chini ya kitanda changu kuna maboksi ya uzi. Mwingine nimenunua, mwingine nimeletewa, mwingine nimeufumua kutoka kwenye nguo za mitumba. Nimeapa mara nyingi kwamba siongezi hata donge moja, na mwezi haupiti bila boksi kujaa. Ugonjwa huu una asili yake. Nimeurithi kwa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke niliyemchukia utoto wangu wote, na sidhani kama nimemaliza kumchukia.

Tulikuwa tukikaa Mwananyamala, enzi za Mwingereza, wakati Mwananyamala ni minazi, mihogo na mabonde ya mpunga, na mtu akisema anakwenda mjini anajiandaa tangu jana yake. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba vikitazamana, ukumbi katikati, na uwani kuna kisima. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini. Alitoka alfajiri kwa miguu na kurudi jua limekuchwa, mabega yamemlegea, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa maji ya moto na watu wasigombane. Mama yangu simkumbuki vizuri. Alikuwa mtu wa bara, na shangazi hakumpenda tangu siku ya kwanza. Alimsema kwa kupika, akamsema kwa lafudhi, akamsema kwa kuzaa mtoto mmoja tena wa kike, mpaka baba akachoka na maneno, akampa talaka yake. Mama akarudi kwao. Mimi nikabaki, na shangazi akaishika nyumba na kunishika mimi.

Wanawake wa mtaa wetu kila mmoja alikuwa na kazi yake ya mkono. Huyu anasuka ukili wa mikeka, yule anashona kofia za viua. Shangazi peke yake ndiye aliyefuma sufu. Ujanani aliwahi kuwa yaya katika nyumba ya Wazungu, na alipoondoka kule hakutoka na kitu zaidi ya ufundi huo na tabia ya kunywa chai bila kelele. Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli, alizozisugua ncha kwenye jiwe la kisimani mpaka zikawa zinateleza. Uzi aliupata mnadani mjini, kwenye sweta kuukuu za askari waliorudi vitani, za kijani na kahawia, zilizotobolewa na nondo. Nyingine zilikuwa na madoa ambayo yeye alisema ni kutu. Mimi nilijua kwamba sweta haishiki kutu.

Kazi ya kufumua ilikuwa yangu. Wenzangu wakitoka chuo cha Kurani wanakwenda kucheza rede, mimi nakwenda kukaa kwenye kigoda mbele ya shangazi, mikono nimeinyoosha mbele, naye anauzungusha uzi kwenye mikono yangu, raundi baada ya raundi, mpaka mabega yanawaka moto. Nikiishusha kidogo, napigwa spoki ya kidole. Kisha uzi unafuliwa kwa majivu, unaanikwa kambani umefungiwa mawe ili unyooke, na uwani kote kunanuka mbuzi aliyenyeshewa. Mpaka leo nikisikia harufu ya sufu mbichi mabega yangu yanauma. Jioni nilikuna nazi, nikachota maji, nikapepea moto wa kunde, na muda wote huo nasikia spoki zikigongana ukumbini, ti, ti, ti, kama panya anayetafuna mlango.

Na alifuma nini? Kila kitu kisichohitaji kufumwa. Birika letu lilikuwa na koti. Mtungi wa maji ulikuwa na koti. Miguu ya kitanda chake ilivaa soksi, na mimi sikuwa na viatu. Mtoto akizaliwa popote kuanzia kwetu mpaka Kinondoni, shangazi alikwenda na kofia ya sufu na vizibao, katika joto lile la Machi ambalo hata mbwa analala kisimani. Mama wa mtoto alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamvalisha. Shangazi akishapinda kona, mtoto anavuliwa, ameshatoka vipele shingo nzima. Walimcheka kisogoni, na mimi nilicheka pamoja nao, tena kwa furaha.

Lakini kilichowachekesha zaidi ni kwamba hakuna kilichomwenea mtu. Kofia ya kichanga ilimtosha baba yake. Sweta aliyomfumia baba yangu kwa ajili ya asubuhi za bandarini ilimkaa kama gunia la mkaa. Shangazi hakupima watu. Hakujua kusoma namba, kwa hiyo futi ya fundi cherehani kwake ilikuwa utepe tu. Kipimo pekee ambacho angeweza kukitumia ni kumkatia mtu uzi wa urefu wake, na hicho alikikataa katakata. Kwetu anayekatiwa uzi ni maiti. Mtu akifa, mwosha anamlaza, anapitisha uzi kutoka utosini mpaka kisiginoni, anaukata, na uzi ule unapelekwa makaburini ili wachimbaji wajue urefu wa kuchimba. Shangazi aliona kwamba ukimkatia uzi aliye hai umemwanzishia safari. Kwa hiyo alikuwa akikutazama tu. Anakutazama huku amekunja jicho moja, kama anayenunua ng'ombe, halafu anaingia chumbani kufuma.

Mambo yakawa hivyo mpaka nilipomaliza darasa la nne. Mwalimu wangu wa shule ya wasichana, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuja nyumbani jioni moja baba akiwa amekaa barazani. Alimwambia kwamba nimepata nafasi katika shule ya bweni kule milimani, bara, na kwamba wasichana wa pwani waliopata hawajai kiganja. Baba alifurahi mpaka akasimama. Mwalimu akamwambia akae kwanza. "Kule kuna baridi, mzee. Mkuu wa shule ni Mzungu, na hana mchezo. Kila msichana awe na sweta ya buluu. Yule wa mwaka jana alikwenda bila sweta, akarudishwa na gari moshi lile lile lililompeleka."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia kila neno. Kuondoka! Kulala mahali ambapo sitasikia ti, ti, ti. Nilitaka shule ile kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Na kati yangu na shule palikuwa na sweta moja, na madukani sweta za watoto hazikuwapo, na katika Mwananyamala nzima aliyejua kuifuma alikuwa mmoja.

Shangazi aliposikia alitema mate uwani. "Bara! Walituletea mmoja akatusumbua, sasa na sie tuwapelekee wetu? Mie sifumi."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia baba akipaza sauti ndani ya nyumba ile. "Dada, utafuma." Kesho yake alirudi kutoka gatini na sweta ya baharia, buluu iliyoiva, kwapa moja limechanika, akaiweka mapajani mwa shangazi. Tukaifumua usiku huo huo. Kwa mara ya kwanza sikushusha mikono.

Nilimjua shangazi, nikajua atanifumia gunia. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi aliyekuwa akishona barazani kwa duka la Mwarabu, nikamwomba futi yake, nikajipima kifua, mkono na mgongo, nikarudi nikamsomea shangazi namba zangu kwa sauti ya darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Namba zako kawasomee Wazungu." Nikaona labda hajaelewa. Nikachukua uzi wake wa kahawia, nikakata kipande cha urefu wa mkono wangu, kutoka begani mpaka kwenye kifundo, nikampelekea. Nilikuwa mtoto niliyetaka sweta inienee, basi.

Alininyang'anya uzi ule akautupa motoni, chini ya chungu cha mihogo. Ukaungua na kunuka nywele. Halafu akanizaba kibao kilichonizungusha. "Mtu mzima wa afya unajikatia uzi? Unamwita nani?" Akauchochea moto mpaka uzi ukaisha wote. "Uzi wangu haumpimi mtu. Sikia vizuri. Haumpimi mtu."

Akafuma kwa kutazama. Kila siku ananiita, ananigeuza, anakunja jicho, ananifukuza. Kila siku naona mkono wa sweta unarefuka, unapita pale ambapo mkono wa mtu unakwisha, na spoki haziachi. Ilipokamilika aliniita uwani mbele ya majirani waliokuja kuchota maji. Nikavaa. Kiwiliwili kilinifika magotini. Mikono ilining'inia mbele ya vidole, mitupu, kama ya mtu aliyekatwa. Majirani walicheka mpaka mmoja akaiachia ndoo yake kisimani.

"Umefanya makusudi," nilimwambia shangazi. Nilikuwa sijawahi kumjibu mkubwa. "Umefanya makusudi wanicheke wanirudishe. Kama ulivyomfanyia mama."

Nilingoja kibao cha pili. Shangazi alikuwa akikusanya mabaki ya uzi wa buluu, anayazungusha kwenye vidole vyake, na hakuninyanyulia hata macho.

"Utakua," akasema.

Basi. Hilo tu. Nilimchukia kwa neno hilo kuliko kwa kibao.

Hawakunirudisha. Mzungu yule aliitazama sweta, akanitazama mimi, akasema kitu kwa Kiingereza na walimu wakacheka, nikapitishwa. Wasichana waliniita Mikono tangu siku ya kwanza. Nisidanganye: asubuhi za kule milimani, ukungu umeingia mpaka bwenini, wenzangu walikuwa wakipuliza vidole vyao, na mimi vidole vyangu vilikuwa ndani ya sweta. Lakini sikumshukuru. Aliyekukosea akikukosea kwa kitu chenye joto bado amekukosea.

Kila likizo nikirudi Mwananyamala, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, shangazi alishika ncha ya mkono wa sweta, akauvuta, akatazama ulipofika. "Bado," anasema. Halafu, "Marahaba." Kisha anakwenda zake kufuma. Sanduku lake la uzi lilikuwa limejaa mpaka kifuniko hakifungi bila kukaliwa, na ufunguo aliuvaa shingoni. Nilikuwa nimerefuka, kiwiliwili cha sweta kilikuwa kimeanza kunikaa, lakini mikono ilibaki mirefu vile vile, kama vile nayo inakua.

Alikufa katika likizo ya mwaka wa pili. Homa ilimshika akafuma nayo siku chache, spoki zikigongana polepole, na asubuhi moja zikawa kimya. Nilijua kabla sijaingia chumbani.

Wanawake wakajaa. Mwosha akafika, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, akatandika, akatutoa tuliokuwa hatuhitajiki. Ufunguo wa shingoni ulivuliwa akapewa baba, na baba akatoka na wanaume wenzake kwenda kuonyesha mahali pa kaburi. Haukupita muda kijumbe wa wachimbaji akasimama kwenye mlango wa uwani, anaita. "Kipimo! Jua linapanda, tunangoja kipimo!"

Mwosha akatoa kichwa. "Nileteeni uzi."

Sasa hebu fikiria. Nyumba ile! Nyumba ambayo birika lilivaa koti. Wanawake wakatafuta uzi chini ya mikeka, juu ya kabati, kwenye vikapu, na hapakuwa na hata kipande, maana shangazi hakuwa mtu wa kuacha uzi ovyo. Wote ulikuwa sandukuni, sanduku limefungwa, ufunguo uko makaburini mfukoni mwa baba. Mmoja akasema tuchane kanga. Mwingine akasema twende kwa jirani anayesuka ukili. Kijumbe akaita tena.

Sweta yangu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, ukumbini. Nikaitoa. Nikaushika mkono wa kulia, nikatafuta fundo pale alipomalizia, nikaling'ata. Uzi ukaanza kutoka. Hiyo kazi niliijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Nilifumua nimesimama mlangoni mwa chumba, na mwosha akawa anauvuta upande wa pili, akiukunja mara kadhaa uwe imara, na mkono wa sweta ukawa unapungua, unapungua, ule ule urefu uliowachekesha majirani. Niliwaza kwamba shangazi alisema uzi wake haumpimi mtu. Nikajijibu kwamba huu si wake tena, ni wangu, na yeye ndiye aliyenipa. Mwosha akasema, "Umetosha." Nikasikia wembe ukikata.

Wakamzika kabla ya adhuhuri. Baba aliporudi alikaa peke yake uwani karibu na kisima, nikampelekea maji ya kunawa. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alinawa mkono mmoja, akasahau mwingine.

"Kaburi limempwaya dada yangu," akasema. "Wale hawakujua. Uzi ulikuja umejikunja-kunja, wao wakauvuta ukanyooka, wakachimba refu. Tumemlaza, miguuni pakabaki nafasi ya mtoto kulala. Limempwaya."

Nikacheka. Sikujua kama kicheko kinakuja. Kilitoka tu, kikubwa, uwani, siku ya msiba, wanawake wote wakageuka kunitazama. Mmoja akasema, "Mwacheni, uchungu umempanda kichwani, alimlea." Sikuwakatalia. Nilikuwa nasikia neno moja tu masikioni, neno lake mwenyewe alilonijibu siku ya sweta, na lilikuwa likimjibu yeye kule alikolala.

Nilipokwenda kuvaa sweta yangu kwa safari ya kurudi shule, mkono wa kulia ulikoma kwenye kifundo, sawasawa, kama uliopimwa. Wa kushoto ulining'inia. Wasichana waliniuliza kwa nini nisiupunguze na ule mwingine. Nikawaambia wasiniingilie. Niliivaa hivyo mpaka ikaisha, na mkono wa kushoto haukuwahi kunienea, ingawa nilikua.

Sanduku baba alinipa mimi, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Ndilo lililoanza haya maboksi ya chini ya kitanda. Mwananyamala yenyewe siku hizi nikipitishwa naikosa. Pale nyumbani pamesimama ghorofa, kisima kimefukiwa, mabonde ya mpunga yamejaa watu na muziki, na kofia za watoto zinatoka ng'ambo zimeandikwa umri kwenye lebo. Sweta za kiwandani zinawaenea watoto wote bila kumwona hata mmoja. Wachimbaji wanakuja na futi ya chuma ya kujikunja, kaburi linatoka sawa kabisa. Nadhani hakuna tena anayeogopa uzi isipokuwa mimi, na mimi niliyesoma, niliyefundisha hesabu miaka mingi, siwezi kumwekea mtoto yule futi mgongoni. Nimejaribu. Mkono unakataa. Namtazama tu, nimekunja jicho moja.

Basi juzi, mke wa mjukuu wangu alipiga magoti sebuleni akawa anamkunjia mtoto mikono ya sweta, mara moja, mara mbili, huku anajizuia kucheka. Akaniuliza tena, kwa upole, kwa nini mirefu hivi. Nilikuwa na majibu tele ya kumpa. Nikafungua mdomo.

"Atakua," nikasema.

Nikamsikia shangazi ndani ya sauti yangu, wazi kabisa, na nikamchukia upya.